Neno Alilolisahau Bi. Renatha

Miaka thelathini na mmoja, kuanzia kutunza stoo ya mipira hadi kuongoza dawati la haki za wanamichezo. Tarehe 30 Juni 2025 Bi. Renatha Rutaihwa anastaafu. Nimeambiwa niandike kwa uchangamfu. Nitajaribu, ila msinidai sana.

Alizaliwa Kashozi, akaajiriwa katika ofisi yetu ya michezo hapa Bukoba mwaka 1994. Alikuwa refa pia. Kwenye bonanza moja la Kibeta alimtoa mume wake kwa kadi nyekundu. Jioni akampikia ebitoke, ndizi zetu, kama kawaida, lakini kadi hakuifuta. Watani walimwita nshomile, msomi wetu, kwa Kiswahili chake kilichonyooka, naye hakukataa.

Ni Kiswahili hicho kilichompa kazi ya kutafsiri. Mwaka 2019 Gozbert, winga wa Muleba, alipelekwa ng'ambo na wakala aliyemwahidi timu kubwa. Kufika huko akanyang'anywa pasi ya kusafiria, akalazimishwa kucheza mechi zilizokwisha kuuzwa. Serikali mbili zikakubaliana kushirikiana ili wakala ashtakiwe, na shahidi alikuwa Gozbert peke yake. Katika maelezo ya Kihaya yaliyoletwa ofisini kwetu, alisema kwamba tata alirubuniwa akasaini kibali cha safari. Bi. Renatha akatafsiri: baba.

Kwetu ndugu wa baba naye ni tata. Nani kati yetu angeuliza zaidi? Lakini mahakamani kule wakili wa wakala alitoa cheti cha kifo: baba mzazi alifariki mwaka 2011, na marehemu hasaini. Gozbert akaonekana mwongo. Wakala akaachiwa, shahidi akawekwa kizuizini kwa kukosa hati.

Aliyesaini alikuwa baba mdogo; lilikosekana neno moja tu: mdogo. Kulirudisha kulichukua miaka minne. Barua ilitoka Bukoba, ikaenda Dodoma, ikafika ubalozini, ikarudi kwa sababu mhuri haukusomeka. Ofisa wa kule akihamishwa, Bi. Renatha anaanza upya. Tulimwambia kosa si lake peke yake. Alitujibu kwamba refa akikosea hasingizii upepo. Likizo hakwenda, akakonda tukimwona. Sisi wengine, niseme ukweli, tulichoka mapema, na ninaona aibu.

Masahihisho yalikubaliwa mwaka jana. Gozbert amerudi Muleba na goti bovu, mpira basi. Wakala hajulikani aliko. Bi. Renatha hataki jambo hili liitwe mafanikio, nami siliiti hivyo.

Dada yetu, asante kwa kutufundisha kusoma mara mbili kabla ya kugonga mhuri. Nenda kwenye migomba yako, Mungu akupe afya na siku tulivu kuliko ulizozipata kwetu.

Nimechapa mwenyewe orodha ya wageni wa leo. Kwenye nafasi ya uhusiano na mstaafu, Gozbert ameandika: mtoto. Sijasahihisha.