Mzee Gatimu na Tairi Zisizokula Upande

Wapendwa waombolezaji mliofika hapa Giakanja leo, Alhamisi tarehe 13 Novemba 2025, haya ndiyo maisha ya Mzee Gatimu wa Nderitu kama yalivyoandikwa na bintiye Ngendo, aliyefanya kazi naye bega kwa bega kwa miaka kumi na saba, na familia imenituma mimi niyasome kwa kuwa yeye mwenyewe amesema sauti haitafika mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1954 hapa hapa Giakanja, mtoto wa tatu wa marehemu Nderitu na marehemu Gathoni, katika miaka ile ya hali ya hatari ambapo mtu hakutoka kijijini bila ruhusa, na pengine ndiyo sababu alikua akipenda chochote chenye magurudumu. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1962 hadi 1968, akapita mtihani wa darasa la saba vizuri sana, lakini baba yake alikuwa ameugua na ng'ombe walihitaji mtu, basi masomo yakaishia hapo.

Mwaka 1972 aliingia Nyeri mjini, akaandikwa kazi ya kuziba panchari, na mwaka 1981 akafungua kibanda chake mwenyewe Majengo, karibu na msikiti, ambapo alihudumu hadi 2023. Wengi wenu mlikemewa pale. Alikuwa akisoma tairi kama wengine wanavyosoma gazeti: ikilika katikati umezidisha upepo, ikilika kingo zote mbili upepo ni kidogo, ikilika ukingo mmoja, yaani inakula upande, basi magurudumu hayatazami mbele. Wenye magari makubwa ndio waliomchosha zaidi, kwa sababu, alisema, mtu ananunua gari la kupanda mlima, zito kama nyumba, halafu anafikiri uzito huo unabebwa na rangi. Aliwaambia wapime upepo asubuhi, tairi ikiwa baridi, wabadilishe nafasi za tairi kila kilomita elfu nane, na spea nayo iingie zamu, sio kuning'inia nyuma kama pambo, na wakigonga shimo kubwa wasingoje usukani uanze kuvuta ndio wakumbuke alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu yatazame mbele.

Tabia yake ya kupitisha kiganja kwenye tairi kabla ya kumsalimu mwenye gari mnaijua. Siku ya ruracio, yaani kuleta mahari, ya kitinda mimba wake Shiku, Agosti 2014, wazee walimngoja hemani hadi chai ikapoa, kumbe ameinama nje kwenye gari kubwa la wageni kutoka Meru, na aliporudi, kwenye orodha ya mbuzi na asali akaongeza alaimenti, akisema ati hatoi binti aende katika gari linalotazama kando. Wageni walidhani ni mzaha, lakini Jumatatu gari lilikuwa Majengo. Mkwe wetu Mwenda, uliyeketi pale, tunajua hadi leo hujaruka zamu ya tairi hata moja.

Alifunga ndoa na Wakiuru kutoka Mukurweini tarehe 8 Desemba 1979, wakajaliwa watoto watatu, Mutahi mwaka 1980, Ngendo mwaka 1984 na Shiku mwaka 1988, na wajukuu watano. Mwaka 2009 walinunua gari, Prado, ambayo Mama alipelekea maziwa sokoni kila asubuhi, na baada ya kuanguka na kuumia bega mwaka uliofuata, mitungi yote ikawa inawekwa nyuma kushoto, pale mlango unapofungukia, kwa vile hakuweza kuisukuma ndani. Tairi ya nyuma kushoto ikaanza kulika kingo. Ngendo alitaka kumwambia Mama, naye Mzee akamkataza kabisa, akasema kubadilisha tairi ni rahisi kuliko kubadilisha bega, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alitoa jeki na kuzungusha tairi kimya kimya, Mama akidhani ni kupenda kazi tu. Mama, leo ndiyo siku unaisikia.

Kisukari kiligunduliwa mwaka 2011, na kila aliyemuuliza aliambiwa kimetulia. Jumapili tarehe 11 Juni 2023, wakitoka kanisani, Mzee alikuwa ametangulia mbele, na Ngendo akaona kisigino cha kiatu chake cha kushoto kimelika upande wa nje hadi msumari unaonekana. Alipomuuliza, Mzee alisema ni kiatu kibovu. Ngendo akamrudishia maneno aliyowaambia wateja miaka arobaini, kwamba usilaumu tairi kabla ya kukagua gurudumu, na Mzee, amechapwa kwa fimbo yake mwenyewe, akaingia kwenye gari. Hospitalini walikuta kidonda chini ya unyayo ambacho hakuwa akikihisi, na daktari akasema wangechelewa wiki chache zaidi, mguu ungekatwa.

Kidonda kilipona Oktoba mwaka huo, lakini Ngendo alibaki na swali lililomnyima raha, kwa kuwa kisigino hakiliki kwa siku moja, na yeye aliyeshinda akikagua tairi za watu hakuwa ametazama miguu ya baba yake. Alihofia kwamba Mzee angemficha tena, na kwamba safari hiyo yeye hangeona.

Marehemu alitutoka tarehe 4 Novemba 2025, saa nne asubuhi, moyo ukiwa umechoka, akiwa ameketi juani barazani, muda mfupi baada ya kuuliza kama gari limepimwa upepo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi walioutunza mguu ule, majirani waliokamua ng'ombe siku hizi zote, mafundi wenzake wa Majengo waliofunga vibanda ili wafike, na, hili naliongeza mimi msomaji, dereva aliyemleta Mzee leo, ambaye Ngendo amemwambia tairi yake ya mbele kushoto inalika ndani, naye ameahidi kuishughulikia.

La mwisho ni hili. Alipopona, Mzee alinunua viatu vyeusi, akavivaa miaka miwili, kanisani, sokoni na hata kibandani alipokwenda kuwasumbua mafundi. Jumatatu, akichagua nguo za mazishi, Ngendo alivigeuza, akapitisha kiganja kwenye visigino kama alivyofundishwa, akakuta vimelika sawasawa, kushoto na kulia, ndani na nje. Aliketi kitandani akalia, kisha akaomba karatasi, akaandika haya mliyoyasikia. Viatu hivyo ndivyo alivyovaa Mzee leo.

Lala salama, Mzee Gatimu. Hakuna kilichokula upande.