Mtu Gani, Shefu?

Chapa, basi letu dogo la abiria, lilipotoka Awasse, mzee Chamsudine alimwambia mama aliyekaa kando yake kwamba anakwenda kumzika shefu wa posto, mkuu wa tarafa yao. "Imamu akiuliza marehemu alikuwa mtu gani, wataitika: mwema. Mimi nitasema alituambia sisi tuliokimbia vita turudi kijijini, kumetulia. Mdogo wangu akarudi, akauawa."

"Mimi alinilaza kwake miezi mitatu na wanangu wanne, baba. Hilo atalisema nani?"

"Njoo useme."

"Makaburini kwenu? Mwanamke, tena Mkristo?"

Mimi niliyekaa nyuma yao, niliyemsifu marehemu enzi zake kwa malipo ya kilo mbili za mchele, nilitazama dirishani.

Gari likasimama msikitini. Mzee akavaa kofia. "Unaitwa nani, mwanangu?"

"Luzia."

"Nitalisema na lako, Luzia. Lakini langu kwanza."