Mtaa wa Kaskazini Haufunguliwi

Mheshimiwa Waziri, Ndugu Mkurugenzi wetu Trilok Vaishnav, wageni waalikwa mliotoka mbali mkaja kulionja jua la Kutch yetu hapa India, na ninyi wanakijiji wenzangu mliosimama nyuma kwa sababu viti vimeishia kwa wakubwa: namaste.

Nimevishwa mashada ya maua mpaka shingo inauma. Nimeambiwa kwamba mimi, Damyanti Sodha, ni hazina ya taifa. Haya, nashukuru. Nimechimba mji huu wa kale tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na kumbe hazina huonekana siku ya kustaafu!

Lakini sifa za Ndugu Mkurugenzi hazijatajwa vya kutosha, naomba nimsaidie. Matofali ya mtaa wa kusini yalikaa ardhini miaka elfu nne. Yalistahimili mafuriko na matetemeko. Sisi kila tulipomaliza msimu wa kuchimba tulitandika turubai, tukamwaga mchanga, tukafukia, kwa kuwa ardhi yetu ina chumvi, na tofali likiachwa wazi chumvi hulitafuna. Yeye akaamuru mtaa uachwe wazi kwa ajili ya watalii, akatundika na taa za rangi kama za harusini. Baada ya misimu miwili ya mvua, ukuta ukawa unga. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Nilimwambia, "Kaka Trilok, mji unakufia mikononi."

Akacheka. "Dada Damyanti, acha presha bwana! Tutapachika matofali ya kiwandani. Nani atajua?"

Nani atajua! Jamani, mtu ana shahada tatu na hana haya hata kidogo.

Na leo tumeletwa kuufungua mtaa wa kaskazini. Huko kuna nyumba yenye ngazi zilizolika katikati kwa nyayo za wenyewe. Siku nilipozifikia nililia, wala sioni aibu kusema. Mvua ziko mlangoni. Mheshimiwa, wewe ungepigwa picha ukarudi zako. Ngazi zile zingebaki na nani?

Kwa utaratibu wetu, mtumishi hustaafu jua likizama siku ya mwisho ya mwezi. Siku ndiyo hii, na jua lile pale, bado liko juu. Kwa hiyo mkuu wa eneo hili la uchimbaji bado ni mimi.

Ndugu Mkurugenzi, kaa, usihangaike na simu. Mlipokuwa mkinivisha mashada, Puriben na akina mama wenzake wa kijijini walikuwa wakimwaga makapu ya mwisho ya mchanga. Mtaa wote umefukiwa na kushindiliwa. Mkitaka kuufukua mtaomba kibali cha kuchimba, na ofisi yenu kwa vibali, tunaijua sote.

Mikate ya uwele na mtindi viko tayari, kuleni mshibe. Asanteni nyote mlionisikiliza. Na asanteni zaidi akina mama ambao hamkunisikiliza hata neno moja, maana mlikuwa kazini.