Benchi Lililopanda Kilima cha Boma

Benchi letu la Mkula liko mbele ya ghala la ushirika, ghala ambalo siku hizi halina pamba wala ushirika, lina popo tu. Tangu mambo yawe ruksa, pamba inanunuliwa na kila mwenye lori na mzani wake, na sisi tuliozoea kusubiri kwenye kivuli cha ghala tumebaki na kivuli. Hatulalamiki. Kivuli kina kahawa ya Generoza, kina isolo, yaani bao letu la Kisukuma, na kete zake kwenye kopo la maziwa. Ukiinua macho unaona kilima, na juu ya kilima boma la mawe walilojenga Wajerumani. Mimi hapo naitwa Rubani, kwa sababu niliwahi kupanda ndege ya kunyunyizia pamba dawa. Wapo wanaosema niliishika bawa tu, ikiwa imeegeshwa. Wivu.

Asubuhi hiyo tulikuwa na hoja nzito. Jana yake gari jeupe la watalii wanaokwenda mbugani lilisimama, wakauliza njia ya bomani. Aliyewaelekeza ni Injinia, jina lake Mayige, anaziba pancha za baiskeli. Walirudi jioni na tope mpaka kwenye kofia, wakatupita bila hata kupunga mkono.

— Uliwapeleka kwenye majaruba ya mpunga, alisema Gavana. Huyu ni Method, zamani mpima pamba wa ushirika. Ushirika umekufa, ukubwa haujamtoka, wala tai shingoni.

— Niliwapeleka njia ya mandhari, Injinia akajibu. Mzungu anapenda mandhari.

— Mandhari ya kambare?

— Sikilizeni, nikasema mimi. Hii ni biashara, na biashara sasa ni ruksa. Tufungue kampuni. Asubuhi tunawapandisha bomani. Mchana tunawashusha Kalemela, ziwani, wakale sato, wawaone viboko. Jioni tunawachezea ngoma ya chatu. Kesho yake ndiyo waende kwa simba wao, kama bado wana hamu.

— Nani atamshika chatu?

— Gavana. Chatu anaheshimu tai.

Generoza akacheka hadi birika likamtikisika mkononi. Gavana alirekebisha tai yake, akakohoa.

— Huko juu tatizo si chatu. Tatizo ni dhahabu. Mjerumani alipokimbia aliizika chini ya sakafu, akamwaga zege juu. Nimekanyaga mwenyewe, nikasikia inaita ndani kama debe.

— Hiyo uliyoisikia ni handaki, akasema Injinia. Linatoka bomani, linapita chini ya Mkula, chini ya benchi hili hili, mpaka ziwani. Meli yao ilikuwa inaingia humo usiku kulala.

— Meli? Chini ya benchi?

— Ndiyo maana kahawa huwa inatikisika.

Sikuweza kuwaacha wanishinde.

— Nyie mmefika mlangoni tu. Mimi nilisimama juu ya ukuta. Ukisimama pale siku isiyo na vumbi unaiona Bariadi yote, na ukikaza macho unawaona watu wanavyonunua vitunguu. Nilimwona shemeji yangu akipunjwa, nikashindwa kumwita.

— Rubani! Unatupiga kamba mchana kweupe!

— Muulize shemeji kama hakupunjwa.

Tulikuwa hapo ndipo Goodness, binti wa hapo kijijini, alipofika akisukuma baiskeli. Juu ya kerea, kwenye mto wa pamba, alikaa bibi yake, Kwandu, mwanamke mzee kuliko wote tunaowajua, miguu yake imegoma miaka mingi. Tukasimama wote, tukamwamkia kama mama yetu.

— Mwangaluka, mayu.

— Mwangaluka, wanangu. Mmeamka?

Goodness hakutaka kukaa. Kaka yake Anatoli, anayefanya kazi kwa mnunuzi mmoja wa pamba, anakuja kesho na lori kumchukua bibi akaishi naye Bariadi. Moja kwa moja.

— Bibi ana jambo moja, akasema. Anataka kufika bomani kabla hajaondoka. Nikamwambia wapo wajomba pale ghalani, kila siku wanasimulia boma. Njia ya kupandia iko upande gani?

Nawaambieni ukweli: mikono mitatu ilinyooka kwa pamoja, na kila mmoja ulielekea kwake. Wangu ulielekea ziwani.

Goodness alituangalia mmoja mmoja. Generoza akaliweka birika chini.

— Kumbe! akasema. Miaka yote hii!

Upande wangu niseme tu kwamba boma unaliona kila siku ukiamka. Kitu cha namna hiyo hukipandi. Nilikuwa nawaachia watalii watangulie.

— Bibi, unafuata nini kule? Gavana akauliza taratibu, sauti ya mpima pamba imempotea.

Kwandu alikuwa analitazama kopo letu la kete.

— Baba yangu alikuwa anabeba mawe ya boma. Mimi nampelekea ugali. Hakuwa na mtoto wa kiume, akachonga isolo pale mwambani, akanifundisha.

— Isolo ni ya wanaume, mayu, akasema Injinia.

— Mwambie baba. Alikuwa ananifunga, sikuwahi kumshinda. Siku hiyo nikaona njia, kabisa! Nimeshika kete mkononi, askari akapiga filimbi. Ilikuwa ile vita ya Wajerumani na Waingereza. Wakawabebesha mizigo wote waliokuwa pale. Baba akaniambia, "Usiguse kitu. Ni zamu yako. Nikirudi tunaendelea." Hakurudi.

Akaongeza:

— Sikucheza. Aliniambia nimsubiri.

Injinia alikuwa wa kwanza kuinuka. Alifungua mpira wa baiskeli anaofungia mizigo, akasema benchi moja lenye miguu imara ni kiti na ni machela, hesabu ya kiinjinia. Tukamkalisha Kwandu katikati, mto wake chini, tukamzungushia kanga ya Generoza na mpira. Mbele tukashika mimi na Gavana, nyuma Injinia na Goodness. Generoza akamwaga maji kwenye jiko, akabeba birika na kopo la kete.

— Njia ni ipi sasa? nikauliza.

— Wafuateni mbuzi, akasema Kwandu kutoka juu yetu. Nyuma ya majabali yale meusi. Kulia. Wewe mwenye tai, kulia ni huku!

Tulipanda. Mimi niliyewahi kuruka angani nilihema kama mvukuto. Gavana alivua tai akafutia jasho la Goodness, kisha lake. Kila tulipotaka kutua, bibi anasema, "Pumzikeni, wanangu," na tunaona haya, tunaendelea. Bibi ni mwepesi, lakini benchi lile ni la mninga.

Boma, kumbe, ni kuta fupi zilizobomoka, na mtini umeota katikati. Sakafu ni udongo. Gavana alipiga kisigino mara moja, haikuita kitu. Injinia alitafuta mdomo wa handaki akaona shimo la nguchiro. Mimi nilipanda ukutani. Bariadi haionekani. Linaonekana ziwa, mashamba ya Mwamanyili, na moshi wa mtu anayepika.

— Nje ya mlango, akasema Kwandu. Penye kivuli cha asubuhi.

Bao lilikuwepo. Safu za vishimo kwenye mwamba, vimejaa majani na mavi ya mbuzi. Goodness akapiga magoti, akafagia kwa viganja, kisha kwa pindo la kanga yake. Tukamtua bibi pembeni, akateremka mwambani, akaomba kopo. Akazipanga kete polepole, huku na kule, upande wake na upande wa pili, kama zilivyoachwa siku ile. Sisi ambao tungebishania hata kete moja, tulimwachia.

Akazichota za shimo la pembeni. Akazitembeza, akala, akazitembeza tena, vidole vimepinda lakini havikosei, mpaka upande wa pili ukabaki mtupu isipokuwa vishimo viwili vya mwisho. Ya mwisho akaituliza. Akafuta mikono.

— Haya, akasema. Sasa zamu ya nani?

Gavana akaangalia tai yake. Injinia akaangalia ziwa. Generoza alipindua birika juu ya kikombe, halikutoa hata tone.

Mimi niliinuka. Nikazunguka mwamba, nikachuchumaa upande ule uliokuwa wazi.

Kwandu akaniangalia.

— Cheza taratibu, akasema. Baba hakuwa na haraka.