Werema Nyangwine, Kufuli la Dakika za Mwisho

Jumamosi ya tarehe 31 Mei 2025, Ndugu Werema Nyangwine alivua glavu baada ya kuitumikia klabu yetu ya Mwamba FC ya Nyamongo kwa misimu kumi na minane. Alikuwa kipa wa akiba. Msomaji asikimbilie kumhurumia, maana hapa kwetu kipa wa akiba ana kazi yake maalumu, na kazi hiyo ilianza na yeye. Timu ikiwa inaongoza na mechi inaelekea ukingoni, kipa aliyeanza anatoka, Werema anaingia, na goli linafungwa kama mlango. Mashabiki wakampa jina la Kufuli. Hadi leo wapo vijana wa bodaboda pale stendi wasiojua kwamba ana jina jingine.

Aliyepewa heshima ya kuandika wasifu huu ni daktari wa timu, Joram Masele. Neno daktari lisiwatishe. Ni mbeba maji na dawa ya kuchua, Msukuma aliyekuja Nyamongo kutafuta dhahabu akaishia kukanda misuli ya watu wa Mara. Amechaguliwa kwa sababu moja tu: miaka yote hiyo alikaa na Werema benchi moja, bega kwa bega, yeye akisubiri mtu aumie na mwenzake akisubiri mechi iishe.

Werema ni mzaliwa wa Kenyamonta, wilayani Serengeti, ng'ambo ya Mto Mara, katika familia ya wafugaji. Mwaka 2007 alikuwa akichimba huku kwetu, na Jumatatu ya Pasaka alisimama nyuma ya goli akitazama bonanza. Mipira iliyopaa alikuwa akiidaka kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika muwa. Kipa wetu alipoteguka kidole, na kipa wa pili yuko harusini kwa dada yake, kocha Batholomeo alimwita yule wa muwa. Tulikuwa mbele kwa bao moja. Jamaa akadaka kila kilichokuja, filimbi ikalia, akatoka uwanjani akiuliza muwa wake ameula nani.

Kocha Batholomeo ni Mhaya, na anajulikana kwa imani yake kwamba kilichofaulu kisiguswe. Tangu siku ile ikawa sheria: Werema haanzi, Werema anamalizia. Makipa walikuja wakaondoka, wengine warefu kama minazi, lakini dakika za mwisho zilikuwa za mtu mmoja. Alikuwa akivua koti taratibu, analikunja, ananikabidhi mimi daktari, halafu anatembea kwenda golini bila kukimbia. Wapinzani walikuwa wanaanza kukata tamaa kabla hajafika.

Tuna mengi ya kujivunia kutoka kwake. Fainali ya mkoa ya mwaka 2014, pale Musoma, aliingia tukiwa sare, zimebaki dakika tatu, tukaenda kwenye matuta, akapangua mawili, tukapanda daraja. Tulirudi Nyamongo juu ya lori tukiimba hadi sauti zikakauka, na klabu ikachinja ng'ombe. Yeye alikula mapema akaenda kulala. Aliwahi pia kudaka penalti ya ndugu wa mke wake, na Pasaka iliyofuata hakwenda ukweni.

Lakini kuna jambo moja ambalo vikombe havikulitibu, na anayejua uzito wake ni aliyekaa naye benchi.

Mama yake Werema, Bibi Waisiko, alikuwa akija kumtazama mwanawe tangu msimu wa pili. Alivuka mto kutoka Kenyamonta na mwavuli wake mwekundu, akakaa upande wa pili wa uwanja tangu filimbi ya kwanza. Alichokiona ni mwanawe amevaa koti juani, amekaa kando ya daktari na mkoba wake wa dawa. Mapumziko yalipofika alikuja kwetu akiwa na kibuyu cha maziwa ya mgando. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza, "Daktari, huyu mtoto anaumwa nini?" Nikamwambia haumwi, ndiyo nafasi yake, huwa anaingia mwishoni. Hakuniamini. Mechi iliyofuata alileta vibuyu viwili. Werema alikuwa akiona aibu na akinywa hivyo hivyo, na benchi zima likanawiri.

Tabu ilikuwa kwamba Bibi Waisiko hakuwahi kubaki hadi mwisho. Miaka ya nyuma ng'ombe wa marehemu mumewe waliibwa jioni moja ambayo yeye hakuwepo nyumbani, wakabaki wachache. Tangu hapo aliapa kwamba jua halitazama bila yeye mwenyewe kusimama mlangoni mwa zizi. Jirani hakumtaka, mjukuu hakumtaka. Ng'ombe hawangoji filimbi ya mwisho. Kwa hiyo mechi ikiwa bado mbichi, ule mwavuli ulikuwa unainuka na kuelekea barabarani kutafuta pikipiki. Mwanawe alipokuwa akivua koti na uwanja mzima ukimshangilia, mama alikuwa anavuka mto.

Werema si mtu wa maneno mengi. Hata hivyo, kila mwanzo wa msimu alimwendea kocha akamwomba aanze mechi moja tu hapa nyumbani. Batholomeo alikuwa na jibu lake: "Kufuli linafungwa jioni, asubuhi watu wanaingia na kutoka." Msimu mmoja alilegea akampanga tangu mwanzo, na bahati mbaya ilikuwa ugenini. Tukafungwa matatu kabla ya mapumziko. Huyu bwana alizoea kuingia mechi ikiwa imeiva. Ikianza mbichi alikuwa hajui pa kushika. Hakuomba tena. Akawa anautazama tu ule mwavuli, na ulipoinuka alikuwa akiinamisha kichwa na kufunga upya kamba za viatu ambazo hazikuwa zimelegea. Mimi nilikuwa najifanya natafuta kitu mkobani.

Ndiyo maana safari hii kocha hakungoja kuombwa. Mechi ya kuaga dhidi ya wageni wetu kutoka Sirari, alitangaza, Kufuli ataanza, na kipindi cha pili atampisha Daudi, kipa wetu mpya. Werema alimpigia mama yake simu mara mbili, maneno machache tu: asikose. Tukaweka kiti chenye kitambaa mbele kabisa, mkabala na goli.

Filimbi ilipolia saa kumi, kiti kilikuwa kitupu. Werema alicheza akitazama barabara. Bao tulilofungwa mapema lilitokana na hilo, na hakuna aliyemlaumu. Baadaye alitulia akadaka vizuri, hata kichwa kimoja cha karibu ambacho mashabiki bado wanakisimulia. Mapumziko yakafika, kiti ni kile kile. Akamkabidhi Daudi goli, akavaa koti, akakaa kando yangu. Sikuwa na dawa ya kumpa.

Mwavuli mwekundu ulitokea barabarani zimebaki dakika mbili. Bibi Waisiko alishuka kwenye pikipiki akiwa amevaa kitenge kipya, anatabasamu, akaja moja kwa moja benchini. Ng'ombe alikuwa amemwachia jirani yake Robi, kwa mara ya kwanza tangu ule wizi, ili siku hii asiondoke kabla ya mwisho. Kocha alipomuuliza kwa upole mbona amechelewa, alishangaa. "Si mlisema huwa anaingia mwishoni? Nimekuja mwishoni."

Batholomeo aliruka akaanza kumpungia mwamuzi ili Werema arudi, lakini wingu zito lilikuwa limeshatua, matone yakaanza, na mwamuzi akamaliza mpira. Wageni wakauchukua mpira wenyewe, maana ulikuwa wao, wakakimbilia basi kabla barabara haijawa tope.

Werema alivua koti. Alilikunja kama kawaida, akanikabidhi, akavaa glavu, akatembea kwenda golini bila kukimbia. Mama yake akamfuata hadi pale kwenye alama ya penalti, akafungua mwavuli. Hapakuwa na mpira wala mpigaji. Werema akasimama katikati ya mstari, akakunja magoti kidogo, akatanua mikono. Bibi Waisiko akamtazama kwa muda mrefu huku mvua ikimlowesha mwanawe. Sisi wengine tulibaki benchini, na yeyote atakayesema hakulia alikuwa amekaa mbali.

"Haya mura, mwanangu," akasema mama, "nimekuona. Sasa twende. Robi hajui yule ng'ombe mwekundu anavyopenda kugeuka njiani."

Wakaondoka kwa pikipiki moja, mwana amemshikia mama mwavuli. Sasa Werema yuko Kenyamonta na jioni ni yeye anayesimama mlangoni mwa zizi. Daudi anadaka vizuri, Mungu amsaidie, lakini mechi ikielekea ukingoni watu wote bado wanageuza shingo kutazama benchi, na mimi nageuka kupokea koti.

Kwa niaba ya wachezaji, viongozi na mashabiki wa Mwamba FC, tunakushukuru, Ndugu Werema, kwa kutufungia mlango miaka yote hii. Upate afya, mvua ya kutosha na maziwa yasiyokauka, na ukivuka mto kuja kututembelea, upande wako wa benchi upo wazi. Nasi tulikuona, Kufuli. Tulikuona kila mara.