Kimya Sikipokei

Sikilizeni, wanangu, na mnisogelee, maana sauti niliyobaki nayo haifiki mlangoni. Queen, zima hiyo televisheni. Mark, weka simu chini, baba. Ofisi yako haifi leo, anayekufa ni mimi. Audrey, mjukuu wangu, kaa hapo miguuni. Kiswahili unakisikia, hata kama majibu yako ni ya Kiingereza.

La vitu nitalimaliza upesi, kwa sababu silo linaloninyima usingizi. Nyumba hii ya Greenbelt ni ya nyinyi wawili, na shamba la Muleba libaki la ukoo, asiuziwe mtu. Lile sufuria kubwa jikoni ni la Nkatha wa Columbia Heights, tuliliazima kwenye msiba wa baba yenu. Mlirudishe, na lisirudi tupu, tieni hata ndizi. Wambura, aliyesema siku ile kwamba nilimleta mume wangu Marekani aje kufa kwa baridi, mwambieni nimesamehe, ila kwenye mazishi yangu asipewe kipaza sauti.

Linaloninyima usingizi ni hili lililokaa kati yenu. Queen, wewe unazishauri nchi za pwani yetu, ambazo baada ya miaka ya kuvutana zimekubaliana na wenzao kwenye tume ya jodari kupunguza yale maboya ambayo meli kubwa huyatupa baharini ili jodari wakusanyike chini yake, wazolewe wote, wakubwa kwa wachanga. Mark, wewe ni wakili, mteja wako ni nchi yenye meli hizo, na kesho asubuhi unapeleka pingamizi lake. Kwa kanuni za tume, nchi ikishapinga kwa maandishi, uamuzi hauifungi. Na ikijitoa moja, ya pili itauliza, mimi navumilia kwa nini? Tangu Queen alipojua, hamjala meza moja. Mnapokezana kuniuguza kama walinzi wa benki, mmoja akiingia mwingine anatoka. Hamgombani. Afadhali mngegombana.

Kimya mimi nakijua. Nimezeekea kwenye kibanda cha wakalimani, visikilizio masikioni, nikiwasemea wajumbe wa kila nchi kwa mdomo wangu mmoja. Mwaka fulani, nyinyi mkiwa bado shule, lililetwa kwenye tume hiyo hiyo pendekezo la kuahirisha mipaka ya uvuvi wa jodari. Ujumbe wetu haukulitaka. Niliwasikia wenyewe asubuhi kwenye chai. Lakini mkuu wao, Mzee Khalfan, alikuwa ametoka kuswali, na vijana wake, waliolelewa vizuri, hawakuthubutu kunena kabla ya mkubwa wao. Mwenyekiti akauliza nani anapinga. Wakatazama mlango. Kwetu kimya kile kilikuwa adabu. Ndani ya ukumbi ule kilikuwa ndiyo. Nyundo ikagonga. Mzee Khalfan akarudi, akauliza, "Nani amekubali?" Mwenyekiti alikuwa ameshahamia ajenda nyingine. Na mimi ningefanya nini? Mkalimani hutafsiri neno. Kimya hakina tafsiri.

Kwa hiyo, Mark, sikuombi uache kazi yako. Kila mtu ana haki ya wakili, na mabaharia wa meli zile nao wana watoto. Lakini jodari hana pasi ya kusafiria: anazaliwa kwa huyu, ananenepa kwa yule, analiwa na wa tatu, na ukimvua mchanga mahali pamoja umemvua kila mahali. Wanaosema mla ni mla leo hawajasema kesho atakula nani. Na wahenga walitufundisha, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Hawakutufundisha wakinyamaza tufanye nini, na hilo ndilo linalonitisha, kwamba mtanizika, mtashikana mikono kwa heshima ya wageni, kisha basi.

Agizo langu ni hili. Karatasi ile isitoke kabla hujakaa na dada yako ukamsomea, naye akakujibu, hata chai ipoe ipashwe tena. Labda mteja wako anataka muda tu. Labda Queen ana muda wa kutoa. Hamjaulizana. Na nyumba hii vivyo hivyo: msiamue neno juu yake mmoja akiwa nje ya chumba.

Maji kidogo, Audrey... Ahsante, mama.

Haya. Kuna anayepinga?

Mnatazama sakafu. Nauliza tena. Hapana, Queen, usiniambie "sawa mama" kwa sababu naumwa. Ndiyo ya huruma siitaki, na kimya sikipokei. Sitafumba macho nikiwa nimewaachia kimya...

Nani huyo? Mark? Sema kwa sauti, baba.

Unapinga. Unasema ni marufuku wakili kumsomea mtu wa upande wa pili karatasi ya mteja wake. Vema, hilo ni neno, lina kichwa na miguu. Queen, umemsikia mdogo wako? Mjibu. Mjibu yeye, usinitazame mimi.

Anasema basi usisome, Mark. Anasema... mpigie mteja umwombe ruhusa ya kusema jambo moja tu, meli zake zinaogopa nini. Unaweza hilo? Tazama, nimeanza tena ukalimani, na pumzi sina. Semeni wenyewe.

Audrey, bandika chai.

Mungu awape... awape maneno, wanangu, na subira ya kuyasikiliza. Awalinde na... Msinisubiri. Asitoke mtu.

Endeleeni. Nawasikia.

Endeleeni.