Shikamoo ya Pili

Alipopanda lori la Kisarawe, Mwanne alimwamkia mzee Mwinyimadi, akaketi. Bi Sikudhani, asiye na mtoto wa kiume, ndiye aliyemchokoza mzee. "Vita ni vya Mfalme wa Waingereza, nanyi wazee wa baraza mkamzuia jumbe kupeleka vijana. Mfalme mnamjua nyie?"

"Simjui. Lakini naye kwao ana baraza, huliuliza kwanza. Jumbe wetu kaandika orodha peke yake, kama anaalika arusi. Tukaichana." "Na Wajerumani wakija?" akauliza Bi Sikudhani. "Watatukuta tunalima."

Jina la mume wa Mwanne lilikuwemo kwenye orodha ile. Asubuhi hiyo alikuwa amemwacha akipalilia mihogo.

Lori liliposimama, Mwanne aliinama. "Shikamoo, babu."

"Umeshaniamkia, mwanangu."

"Najua, babu."